Namba 41, Namba 212 na Daftari Langu

Vijana wangu mnaokaa sasa kwenye meza ya kuazimia vitabu, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, na mmeniletea hata kalamu, kana kwamba kwangu hakuna kalamu. Nashukuru. Namshukuru Mungu pia, aliyenibakishia macho na akili mpaka nikastaafu, ingawa kulikuwa na siku nyingi hapo maktabani nilipodhani nitavipoteza vyote viwili kabla ya saa sita mchana. Habari za vyeo sitaandika. Nitaandika habari za kadi, kwa sababu mmezikuta ubaoni mkafikiri zilikuwapo tangu zamani.

Siku yangu ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Mama Leokadia, mkuu wa meza ya kuazimia, alilitazama kwa huruma. Kufikia adhuhuri nilikuwa na gundi mpaka kwenye viwiko. Gundi yenyewe aliipika mwenyewe nyuma ya jengo, kwa unga wa muhogo, maji na chumvi nyingi ili mende wasiipende. Akanifundisha kunusa kitabu kabla ya kukipanga, maana unyevunyevu wa msimu wa mvua huanza kunuka wiki mbili kabla haujaonekana. Akanikataza kalamu ya wino karibu na vitabu. Ndani ya maktaba ni penseli tu, na penseli yenyewe iwe fupi, kwa sababu ndefu huibwa.

Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, nami ni mtoto wa mwalimu wa madrasa wa mtaa wa Buyenzi. Hatukuwahi kugombana kuhusu Mungu. Tuligombana kuhusu rafu. Alinifundisha kwamba msomaji akija kuomba ushauri, usimuulize anapenda nini, kwa sababu hajui, na akijua atakudanganya ili aonekane msomi. Muulize anasomea wapi, anatumia taa gani, na nani anamkatiza. Mtu anayesoma kwa kibatari mpe maandishi makubwa. Mama mwenye watoto watano mpe sura fupi. Mtu anayesomea kazini kwa kujificha mpe kitabu chembamba kinachoingia kwenye droo. Nimeshauri watu kwa maswali hayo matatu muda wote wa kazi yangu, na waliorudi kulalamika ni wachache. Wengi wao walikuwa walimu.

Sasa nije kwenye balaa. Nyuma ya kila kitabu chetu kulikuwa na fishi, kile kikaratasi kigumu cha kuandikia waazimaji. Maktaba nyingine huandika jina na tarehe. Sisi tuliandika jina, tarehe na mtaa, kwa sababu zamani tulikuwa na mjumbe wa baiskeli aliyekwenda kudai vitabu vilivyochelewa, naye alitaka kujua apige kona wapi. Ulikuwa utaratibu mzuri. Vita vilipoingia na mitaa ikagawana pande, ukawa sumu.

Watu wakaanza kufungua vitabu kutoka nyuma. Wanasoma fishi kwanza: nani alikiazima, anatoka wapi. Wakishaona jina na mtaa, wanajua kila kitu wanachodhani wanakijua kuhusu mtu, na kitabu wanakirudisha mezani kama chakula kilichoingia nzi. Namkumbuka bwana mmoja, mtu mzima mwenye tai, aliyenirudishia kitabu cha ufugaji wa sungura.

"Kina nini?" nikamuuliza.

"Kimetoka Cibitoke."

"Kimetoka kwenye rafu hii hapa, Bwana. Kilikwenda Cibitoke wiki mbili, kikarudi."

"Apana. Nipe kingine."

"Cha sungura ni hiki kimoja. Na sungura hawana chama."

Hakucheka. Aliondoka bila kitabu, na sungura wake sijui waliishiaje. Nilikaa nikasoma istighfari mara kadhaa, si kwa ajili yake, kwa ajili ya maneno niliyotaka kumtupia mgongoni.

Wiki ile ile mtu mwingine, simjui, alichana fishi za rafu nzima ya riwaya. Mama Leokadia alikuwa ameshastaafu, meza ilikuwa yangu. Nikaamua. Nikatoa fishi zote za zamani, nikazitia kwenye maboksi, nikampa kila msomaji namba. Kitabu kikaandikwa namba na tarehe, basi. Majina na mitaa vikabaki kwenye daftari moja, na daftari likakaa kwangu. Niliwaambia wasomaji mmoja mmoja: hili ni amana, hatalisoma mtu mwingine. Kazi hiyo ilinichukua mwezi mzima, na Mkurugenzi wetu mpya, mtu wa mipango mikubwa na suti nyepesi, alipita siku moja akaniuliza kwa nini napoteza penseli.

Tulikuwa na kikao cha wasomaji kila Alhamisi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi kasorobo. Hatukuzidisha hata dakika, kwa sababu baada ya hapo vijana wa bariyeri, wale waliofunga barabara wakikagua wapitao, walianza kulewa na njia za kaskazini zikawa mbaya. Siku ambazo mji ulifungwa kwa mgomo hatukufanya. Siku ambazo milio ya risasi ilisikika mbali, tulifanya. Mtu anasoma kurasa mbili kwa sauti, wengine wanabishana, wote wanatazama saa. Nikaona robo tatu ya mabishano inakatwa na saa, nikatundika ubao karibu na mlango, na kadi tupu, na penseli fupi imefungwa kwa uzi. Anayetaka kumshauri mwenzake kitabu aandike kadi, aweke namba yake.

Kadi ya kwanza iliyonifanya nisimame kuisoma mara mbili ilikuwa ya namba 41. Alishauri riwaya moja ya mjane anayeuza nyumba aliyoachiwa na mumewe ili amsomeshe mtoto wa mke mwenziwe. Aliandika: "Isomeni. Mjane huyu ni mfano kwa wanawake wote."

Baada ya wiki mbili, chini yake, kadi ya namba 212: "Nimeisoma. Aliyeandika hapo juu hajawahi kuwa mjane."

Namba 41: "Namba 212 arudie sura ya saba, polepole."

Namba 212: "Namba 41 arudie kitabu chote, akiwa ameketi jikoni."

Mungu anisamehe, nilianza kuja kazini mapema ili kuona kama kuna kadi mpya. Walimaliza ile ya mjane bila kupatana, wakahamia nyingine, na nyingine. Kila aliyeshauri kitabu, mwenzake alikiazima ili tu apate kumpinga. Wasomaji wengine wakawafuata. Riwaya zilizolala miaka zikawa na orodha ya kusubiri. Hiyo ndiyo njia ya kushauri vitabu iliyoshinda zote nilizowahi kuziona, na sikuibuni mimi.

Mimi pekee nilijua ni nani. Namba 41 alikuwa Mwalimu Gervais wa Mutanga Nord, mstaafu, koti lile lile kila Alhamisi, mtu aliyesahihisha hata matangazo ya mazishi gazetini. Namba 212 alikuwa Perpetua wa Cibitoke, mshonaji wa nguo, mjane wa mwaka wa kwanza wa vita. Walikaa chumba kimoja kila Alhamisi, benchi mbili tofauti, hawajuani. Siku hizo mtu wa mtaa mmoja hakukanyaga mtaa wa pili. Perpetua alishasema mwenyewe, siku aliponirudishia kitabu akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Kaka Idi, huyu 41 usiniambie ni nani. Wala anatoka wapi."

"Sitasema."

"Shemeji yangu anasema zile kadi ni barua za kupitisha habari. Kule kwetu kuna mutu alikwenda upande wa pili kununua dawa ya mutoto tu. Aliporudi walimwita mpelelezi. Hakumaliza wiki. Wakijua mi nabishana na mutu wa kule, iko mwisho wangu."

"Basi acha kuandika."

Alinitazama kama nimemwambia aache kula. "Aseme yeye peke yake? Na anakosea vile?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Sikufunga. Kwenye mkutano wa wafanyakazi, Mkurugenzi alilalamika kwamba maktaba haina tukio la kuwavutia wafadhili, nami, kwa majivuno tu, nikasema: "Kwenye ubao wetu kuna watu wawili wanajadiliana vitabu, na kama mngejua wanatoka mitaa gani, mngeshangaa." Nilitaka kusifu kazi ya meza yangu. Kibri ni dhambi niliyoonywa tangu utotoni kwa fimbo, na nikaifanya mbele ya watu tisa.

Mkurugenzi akaruka. Akapanga Siku ya Msomaji, Jumamosi, wageni, mpiga picha, zawadi ya kamusi mbili kubwa. Kilele chake ni namba 41 na namba 212 kuitwa mbele kwa majina na mitaa yao, na kupeana mkono.

"Idi, fikiria ile picha!" aliniambia. "Mtu wa huku na mtu wa huku. Vitabu katikati. Umoja!"

"Bwana Direkteri, picha hiyo ikitoka, mmoja wao atauawa. Labda wote."

"We nawe. Unaona giza tu. Watu wamechoka na vita, watafurahi."

"Waliochoka hawakai kwenye bariyeri."

"Nipe majina."

"Ni amana."

"Amana ya nani? Daftari ni mali ya maktaba."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Mtu mbaya unajua pa kumkwepa. Huyu alikuwa na nia njema iliyofika mpaka ukingoni mwa kaburi la mtu mwingine, naye akiwa ameshika kamera. Siku nne nilimweleza kwa upole, mpaka ulimi ukakauka. Siku ya tano, nilipokwenda kusali Adhuhuri, alifungua droo yangu kwa ufunguo wa akiba akalichukua.

Niliporudi nikakuta amelishika mlangoni kwake, uso umekunjamana.

"Idi, hii ni nini?"

Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sikufanya hivyo kwa ujanja, nisijisifu mara ya pili. Baba alinifundisha kuandika Kiswahili kwa herufi hizo kabla sijaijua alfabeti ya shule, na mpaka leo mkono wangu unakwenda haraka zaidi ukitoka kulia. Orodha zangu zote za nyumbani ziko hivyo.

"Ni majina," nikasema.

"Nisomee."

"Siwezi."

"Ni amri."

"Naijua amri, Bwana. Siwezi."

Akaliweka kwapani, akatoka nalo. Usiku ule nilisali na sikumaliza kuomba. Alfajiri nikaenda kumtafuta Perpetua kwa njia ya mama mmoja anayeuza mkaa, nikamtumia ujumbe: usije Jumamosi. Jibu likarudi kwa mama yule yule: "Wote wanajua siachi kikao. Nisipokuja ndiyo watauliza kwa nini. Nakuja."

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Nassor alinishika mkono nje ya msikiti. Ana duka la vitambaa, familia yake ilitoka Omani zamani sana, na babu yake aliuza vitambaa kwenye mlango ule ule.

"We Idi, huyo mkubwa wako amekuja dukani na daftari. Eti mimi Mwarabu, nimsomee."

"Ukasoma?"

"Nilifungua. Nikaona majina ya watu na mitaa. Nikajiuliza, mtu mwenye akili anaandika hivi ili nani asisome? Nikalifunga. Nikamwambia, mkubwa, mwandiko huu ni aibu. Huyu aliyeandika alikaa madrasa nyuma ya nguzo. Sitakusomea takataka."

"Mwandiko wangu?"

"Nikamwambia hata kuku angeandika vizuri zaidi."

"Mzee Nassor, baba yangu alisifiwa mji mzima kwa mwandiko, na ni yeye aliyenifundisha!"

"Ulitaka nimwambie ni mzuri, nisome?"

Nilimshukuru. Nilimshukuru Mungu kwanza, yeye wa pili. Lakini alirudia habari ya kuku kwa mtu mwingine kabla hatujaachana, na kwa miaka mingi baadaye waumini wa Buyenzi waliniuliza habari za mwandiko wangu.

Jumamosi nikafika nikiwa nimefarijika, mpaka Mkurugenzi aliponinong'oneza kwa furaha: "Sihitaji daftari lako. Nitaita namba. Mtu akiona kamusi atasimama mwenyewe. Mtaa nitamuuliza palepale."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Na nilipomtazama Mwalimu Gervais benchi ya mbele, niliona tayari anafunga vifungo vya koti. Mtu yule angesimama mbele ya kikosi cha askari kama kuna mtu wa kumwambia alikuwa sahihi kuhusu sura ya saba. Perpetua alikuwa nyuma, karibu na dirisha, kando ya Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, mji wa nchi jirani, aliyekimbia vita vya kwao, muuza vitenge, ambaye alikuja Alhamisi zote na sijawahi kuona amemaliza kitabu. Alisema anapenda kusikia watu wakisoma, kunapumzisha miguu.

Hotuba zikaisha. Mpiga picha akapanda kiti. Mkurugenzi akainua karatasi.

"Namba mia mbili kumi na mbili!"

Niliona mgongo wa Perpetua umekakamaa. Niliona watu wanaanza kugeuza shingo.

"Ni mi!" akapiga kelele Mama Furaha, akasimama, akapanga kitenge chake, akaenda mbele kama bibi harusi.

Mkurugenzi akang'aa. "Karibu, mama! Unatoka mtaa gani?"

"Mi natoka Uvira, papa. Ile muji ingine kando ya ziwa."

Mng'ao ukapungua. "Uvira. Sawa. Basi tuambie kidogo kuhusu ile riwaya ya mjane, mliyoijadili sana."

Alisema dakika kumi. Mjane wa Mama Furaha hakuuza nyumba, aliichoma moto. Mke mwenziwe alikuwa mchawi. Mwishoni walitokea askari wa majini na harusi mbili. "Na mwisho yake ni muzuri sana," akamaliza, "mi nililia." Watu walicheka mpaka mgeni mmoja akafuta macho. Mkurugenzi, ambaye hakuwa amesoma kitabu wala kadi hata moja, alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Na sasa namba arobaini na moja, aje ampe mkono!"

Nikamtazama Mwalimu Gervais. Alikuwa amefungua vifungo vya koti, mikono magotini, anamwangalia Mama Furaha kama mtu aliyeletewa bili ya nyumba nyingine. Mtu ambaye alibishana naye miezi yote ile ndiye huyu? Hakusimama. Huzuni ya msomaji ikamwokoa pale ambapo hekima yangu ilishindwa. Mkurugenzi akampa mkono Mama Furaha mwenyewe, picha ikapigwa, soda zikatolewa.

Nilimfuata Mama Furaha mlangoni. "Kwa nini umefanya vile?"

"Papa Idi, tulikaa benchi moja. Ile dada alitetemeka mpaka mi mwenyewe nilitikisika. Nikasema, huyu akiguswa ataanguka." Akakumbatia kamusi. "Na hii diksionere ni ya mutoto wangu. Usiniombe."

Mngedhani Perpetua alishukuru. Jumatatu alisimama mbele yangu, macho mekundu.

"Sasa 41 anafikiri mi ndiye yule wa askari wa majini!"

"Uko hai, Perpetua."

"Najua niko hai. Lakini anafikiri nililia kwa ule mwisho!"

Akaenda ubaoni akaandika: "212 wa Jumamosi si 212." Nilitaka kuing'oa. Niliiacha, kwa kuwa Mkurugenzi hakuwa na desturi ya kusoma chochote kilichokuwa chini ya kiwango cha macho yake. Siku tatu baadaye namba 41 akajibu: "Nilijua. 212 hajawahi kusifu mwisho wa kitabu chochote." Wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Daftari nililipata nyuma ya kabati la Mkurugenzi, akiwa ameshaanza mpango mwingine, wa maktaba juu ya trekta. Huo siuelezi. Nina shinikizo la damu.

Wasomaji kadhaa hawakurudi miaka ile, na vitabu vyao havikurudi. Namba zao sijazifuta. Daftari nimelikabidhi kwenu pamoja na funguo, na kama hamwezi kulisoma, hamtakiwi kulisoma.

Vita vilipopoa na bariyeri kuondolewa, nilisubiri mwaka mwingine mzima, kwa kuwa mimi si mtu wa haraka. Kisha nikamuuliza Perpetua kama naruhusiwa kusema jina lake. Akafikiri wiki moja, akasema ndiyo. Nikamuuliza Mwalimu Gervais. Akasema ndiyo kabla sijamaliza sentensi. Nikawaketisha kwenye meza ya dirishani, siku ya kawaida, bila mgeni wala kamera. Nikasema: "Mwalimu Gervais, wa Mutanga Nord. Perpetua, wa Cibitoke." Majina hayo mawili na mitaa hiyo miwili nilivitoa mdomoni pamoja kwa mara ya kwanza. Walitazamana. Mwalimu akainuka, akampa mkono. Perpetua akaupokea kwa mikono miwili. Nikarudi mezani kwangu nikijifanya natafuta penseli.

Haikupita muda.

"Lakini mama, ile nyumba ilikuwa na thamani gani? Mtoto yule alikuwa na akili!"

"Mwalimu, akili ya mutoto inazuia mvua? Alilala wapi yule mama? Sema! Ukurasa gani unasema alilala wapi?"

"Sura ya saba..."

"Wee na sura yako ya saba!"

Msomaji wa kwanza akanigeukia. Wa pili akagonga meza. Niliwanyamazisha mara moja, mara mbili, kwa heshima zote, mzee na mjane, watu niliowalinda kwa sala na kwa kudharauliwa mwandiko. Mara ya tatu Mwalimu alipiga ngumi mezani, na Perpetua akapiga yake karibu na ya Mwalimu. Nikainuka nikafanya jambo ambalo sikulifanya kwa mtu yeyote wakati wote wa vita: nikawafungulia mlango, nikawatoa nje wote wawili.

Waliketi kwenye ngazi. Alasiri ilipoingia nilipita katikati yao nikienda kusali, na walikuwa wamefika kwenye kitabu cha tatu. Hakuna hata mmoja aliyenisalimia.